Hina ya Miguuni

Hina iliyokorogwa kwa ndimu na chai ya rangi ina harufu ya majani mabichi yaliyosahauliwa ndani ya mkebe. Wenzangu wakiinusa hutabasamu, kwa kuwa kwao ni harufu ya harusi na Idi. Mimi huondoka nikaenda kukaa karibu na dirisha. Juzijuzi binti wa jirani yangu alikuwa akipambwa, na mpambaji alipofunua bakuli lake nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa na neno. Kilichoniuma ni kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambacho hakina jeraha wala uvimbe.

Nitawaeleza kwa nini. Nawaeleza nyinyi kwa sababu ni rahisi kuliko kumweleza mtu anayenijua, na naomba asitokee mmoja wenu wa kuniambia kwamba nilikuwa mtoto tu. Nimeambiwa hivyo mara nyingi na sijapata kupenda. Nilikuwa na miaka kumi na minne, akili zangu timamu, na rula mkononi.

Tulikaa mtaa wa Kuze, Mvita, ghorofani, katika nyumba aliyoiacha babu. Mamangu alifariki siku aliyonizaa. Baba alikuwa karani bandarini, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nilipokuwa na miaka minne alimwoa Mejumaa, mwanamke wa Waa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Chini yetu aliishi Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa baba, ambaye tangu siku ya harusi hakumtaja Mejumaa kwa jina. Alimwita "yule wa ng'ambo". Akisema hivyo alielekeza kidevu upande wa Likoni, ijapokuwa yule wa ng'ambo ameketi papo hapo akimmenyea vitunguu.

Mejumaa alikuwa na umbo kubwa na viganja vipana, na sauti ndogo isiyolingana navyo. Alikuwa na cherehani ya mkono, akipinda leso za nusu ya mtaa. Ndiye aliyeniogesha, akanisuka, akanipeleka chuoni nikipiga mayowe, akaningoja nje mpaka nikanyamaza. Hakujaaliwa mtoto. Alikuwa na mimi. Nami kwa miaka kumi nilimwita Bi Mejumaa, kama nilivyowaita majirani, kwa kuwa Shangazi alikuwa ameniambia kwamba mama ni mmoja na wangu yuko makaburini. Baba alinikanya mara mbili tatu akachoka. Mejumaa mwenyewe hakunikanya. Aliitika.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kwa Idi ya mfungo, Mejumaa alitia hina mikononi na miguuni, kucha zote ishirini, na baba akamtania kwamba amekanyaga sahani ya mchuzi. Siku ya nane baada ya Idi baba alianguka bafuni asubuhi. Hospitalini walimruhusu mke kuingia, mimi nikaachwa kwenye benchi la nje nikihesabu vigae vya ukutani. Alipotoka, Mejumaa alinikumbatia akaniambia, "Babako amesema usome, Nuru. Hilo ndilo alilosema." Sikumwamini. Niliona ameiba maneno ya mwisho ya baba, na kile alichonipa ni makombo tu.

Basi akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajifukizi udi, hatii wanja, hatii hina. Hina aliyokuwa nayo kabla ya msiba si kosa lake, haitoki kwa maji. Huachwa ikatoka yenyewe kadiri kucha zinavyokua. Mejumaa alivaa nguo nyeupe, akaketi juu ya mkeka katika chumba kilichokuwa chao, na Shangazi akawa hapungukiwi na sababu ya kupanda ngazi kumchungulia. Wanawake waliokuja kutoa pole walimpa yeye pole. Mimi walinipa vikombe vichafu nikavioshe.

Nilikuwa kidato cha pili, katika skuli ya wasichana isiyokuwa mbali na Makadara. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Mwalimu Wanza, mwanamke wa Ukambani aliyekaa Buxton na kutembea kwa haraka kama aliyeacha chungu motoni. Skuli ilikuwa na darubini moja ya maabara, na kwa kuwa kabati halikuwa na kufuli, yeye alikwenda nayo nyumbani kila siku ndani ya kikapu cha sokoni, juu yake ameifunika sukuma wiki ili wezi wasiitamani.

Siku hiyo, msiba wetu ukitimia siku ya themanini, tulikuta kitunguu mezani kimepachikwa vijiti vitatu na kukalishwa juu ya gilasi ya maji. Chini yake kilikuwa kimeota mizizi myeupe. Mwalimu Wanza alikata ncha za mizizi ile, vipande vidogo kama punje ya ufuta, kwa sababu, alisema, ni kwenye ncha ndiko mzizi unakokua. Alivilainisha ndani ya dawa kali, akavitia rangi nyekundu, akaviweka kwenye kigae cha kioo na kuvigandamiza kwa gumba mpaka vikawa utandu. Tukapanga foleni.

Niliweka jicho nikaona vyumba. Vyumba vidogo vingi vilivyobanana, na ndani ya kila kimoja doa jekundu. Hivyo vyumba ni seli, alisema Mwalimu, na doa ni kiini chake. Ndani ya kiini mna nyuzi, na nyuzi hizo zimebeba maagizo yote ya jinsi ya kuwa kitunguu. Seli ikitaka kuwa mbili haijipasui ovyo. Kwanza, kabla hata hatujaona chochote, inanakili nyuzi zake zote, kila uzi ukapata pacha wake. Kisha nyuzi zinajikunja na kunenepa mpaka zikaonekana. Utando wa kiini unayeyuka. Nyuzi zinajipanga mstari mmoja katikati ya seli, kila uzi bado umeshikana na pacha wake. Halafu mapacha wanaachanishwa, mmoja anavutwa upande huu, mwenzake upande ule. Kila upande unajifanyia kiini kipya, ukuta unajengwa katikati, na pale palipokuwa na seli moja pana mbili, kila moja na maagizo kamili yasiyopungua herufi. Mgawanyiko wa namna hiyo huitwa mitosisi. Nilizipata hatua zote katika kigae kile kimoja, hapa nyuzi zimejipanga, pale zimeshavutwa.

"Mbona hazitikisiki?" aliuliza msichana aliyekuwa nyuma yangu.

"Zimekufa," Mwalimu Wanza alijibu. "Zilikufa zikiwa kazini. Zikiwa hai hazikai tayari kutazamwa, kwa hivyo tumeziua."

Kisha akauliza kama kuna kitu cha nyumbani kinachofanana na jambo lile, kitu kinachofanywa kuwa mara mbili kwanza ndipo kikatwe. Nikainua mkono nikasema leso. Leso hutoka dukani mbili katika kitambaa kimoja, ua hili hapa na ua lilo hilo kule, zimeshikana. Unazikata katikati na kila moja ni leso kamili. Mwalimu alisimama akanitazama. Alisema amefundisha miaka tisa na hajapata mfano kama huo, akaamuru nipigiwe makofi. Tangu baba azikwe hakuna aliyekuwa amenifanyia jambo lolote la kunifurahisha. Nilikaa nimenyooka. Sikusema ni nani nyumbani kwetu aliyekuwa akizikata leso, na mimi nikimshikia upande wa pili.

Mwisho wa kipindi alitupa kazi ya mwezi mzima. Hata mwili wenu una ncha kama ya mzizi, alisema, tazameni kucha. Chini ya ngozi, mwanzoni mwa ukucha, seli zinagawanyika mchana na usiku. Zilizo mpya zinazisukuma za zamani mbele, na hizo za zamani zinakauka na kufa. Ndiyo maana ukikata kucha huumii. Ukucha wa mkono husogea kama milimita moja kwa siku kumi. Tutie alama karibu na ngozi, tupime kila wiki. "Na anayetaka atie alama kwenye mguu pia," aliongeza akifunga kikapu, "tuone kama ni sawa."

Hilo la mwisho nililisikia. Nataka mjue kwamba nililisikia.

Rangi ya kucha ilikuwa marufuku skuli, na nyumbani haitakiwi kwa kuwa huzuia maji ya udhu. Kwa msichana wa Kuze ilibaki hina. Paketi iliyobaki ya Idi ilikuwa juu ya kabati, chumbani mwa Mejumaa. Nilipomweleza alinikodolea macho.

"Hina, Nuru? Na mimi ndani ya eda?"

"Ya skuli. Nukta moja tu."

Nikamweleza mambo ya seli na kucha. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Babako alisema usome," akasema. "Lete ndimu. Na Shangazi yako asikuone, atasema mwari ameanza kujipamba na kaburi la babake halijakauka. Atakutoa skuli, anatafuta njia siku nyingi."

Alikoroga ndani ya kikombe cha kahawa kwa kijiti, uso ameugeuzia dirishani ili asinuse harufu, vidole amevifunga kitambaa isimguse hata tone. Kwa kijiti cha ufagio alinitia nukta kwenye ukucha wa gumba la kushoto, pale unapoanza. "Ikifika juu unionyeshe," alisema.

Nilikaa nayo saa nzima, nikaiosha. Ikabaki nukta ya rangi ya chungwa. Kikombe nilikisukuma chini ya kitanda, nikasahau kwamba harufu haina adabu ya kukaa chini ya kitanda.

Baada ya alasiri Shangazi alipanda na wanawake wawili waliokuja kumtazama mjane. Mmoja alikuwa Bi Kulthum, jirani yetu, aliyejua siku za kila mtu: aliyezaliwa lini, aliyeachwa lini, aliyefunga ngapi. Mwingine alikuwa bibi mkongwe sana ambaye sikulijua jina lake.

"Nanusa hina," alisema Shangazi hata hajaketi. "Chumba cha eda, na mimi nanusa hina."

Aliinama akakitoa kikombe.

"Ni ya mtoto, wifi," Mejumaa akasema. "Aliitaka ya skuli."

"Skuli gani isomeshayo hina? Nuru, ndoo hapa. Wewe umetia hina?"

Gumba langu lilikuwa limeshaingia ndani ya ngumi. "La," nikasema.

Mejumaa alinigeukia. Hakukasirika, alistaajabu tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Nuru, fungua mkono," akasema. Akanishika kifundo cha mkono. Viganja vyake, nimewaambia, vilikuwa vipana. Ngumi yangu ilienea yote ndani ya kimoja. Nilihisi vidole vyake juu ya vyangu na nikajua imekwisha. Kisha akaniachia. Nikamdharau kwa kuniachia.

Ningeweza kuwaambia niliogopa kutolewa skuli. Niliogopa, lakini hofu ilitosha kunifanya nikae kimya, na mimi sikukaa kimya. Nilimwona ameketi juu ya mkeka wa baba, ndani ya chumba cha baba, wageni wote wamemwelekea yeye. Nikakumbuka makofi ya asubuhi. Nikasema, "Shangazi, mtazameni miguu."

Hapo nilikuwa nimeshaona kitu siku kadhaa kabla, bila kukitafuta. Kucha za mikono ya Mejumaa zilikuwa zimesafika, hina imebaki uzi mwembamba kwenye ncha. Za miguu zilikuwa bado nyekundu karibu zote, isipokuwa ukanda mweupe mwanzoni.

Nikaleta rula. Nikapiga magoti miguuni kwake, pale pale nilipozoea kukaa akinisuka, nikaupima ukanda mweupe kwenye ukucha wa gumba la mguu. Ulikuwa upana wa punje mbili za mchele zikilazwa bega kwa bega. "Milimita nne," nikasema. Nikawaeleza kwa sauti ya Mwalimu Wanza, hata mikono niliichezesha kama yeye: ukucha husukumwa na seli zinazogawanyika, seli hazijui kusema uongo, ukucha husogea milimita moja kwa siku kumi. Hina ya Idi ingalikuwa imeshafika juu, kama ilivyofika mikononi. Hii ya miguuni ina siku arubaini.

Bi Kulthum alishahesabu. "Leo ni siku ya themanini," akasema polepole. "Arubaini nyuma, si ndiyo siku ya khitma ya marehemu?"

Siku ya khitma ya arubaini mtaa mzima ulikuwa chini kwetu, wanaume msikitini, wanawake uani na masinia, na Mejumaa peke yake juu.

"Watu wakimsomea mume wake," Shangazi akasema, "yeye yuko juu ajitia hina."

"Wallahi ni hina ya Idi," Mejumaa alisema. "Ndugu yako mwenyewe aliiona."

"Ndugu yangu yumo kaburini. Wamtaja kwa kuwa hawezi kukujibu."

Wakambana. Bi Kulthum alimshika mguu mmoja akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku kama anayekagua samaki sokoni, akikwaruza kucha moja moja kwa ukucha wake. Mejumaa alijaribu kujifunika, leso ikavutwa. Alikuwa mwanamke mzito aliyeketi chini na mguu wake umeinuliwa na mtu mwingine, na hakuna namna ya kukaa hivyo na heshima ikabaki. Machozi yalimtoka bila sauti. Mimi nilikuwa nimeshika rula. Shangazi aliweka mkono kichwani kwangu akawaambia wenzake, "Mnaona faida ya kusoma?"

Asubuhi yake kaka yake Mejumaa aliitwa kutoka Waa. Bibi mkongwe alinung'unika kwamba mjane hatolewi nyumba ya mumewe kabla ya siku zake, ameifanya hata iwe nini. Shangazi akamjibu kwamba eda imeshavunjwa na mwenyewe, hakuna cha kulindwa tena. Cherehani ilishushwa ikatiwa mkokoteni. Mejumaa alipita kwangu ngazini akiwa na nguo zake nyeupe, na mimi na sare yangu, mkono wa kushoto mfukoni. Aliteremka akishika ukuta. Watoto wa mtaani, ambao habari hazichelewi kuwafikia, walimsindikiza mpaka barabara kubwa wakiimba kwamba mjane katia hina, mjane katia hina. Wengine walikuwa wamevaa mashati yaliyopindwa na yeye.

Nilipewa chumba chake. Kilikuwa na dirisha la kupitisha upepo na kitanda kipana. Ningependa kuwaambia kwamba sikupata usingizi. Nililala vizuri sana.

Nukta yangu nayo ikapanda. Seli zilikuwa zikigawanyika chini ya ngozi ya mwongo kama zinavyogawanyika chini ya ngozi ya mtu yeyote, na kila wiki nilipima chini ya dawati na kuandika. Nyumbani nilikuwa na gumba lililofungwa kitambaa, nikasema nimejikata. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na mchoro mzuri kuliko wote, mstari unaopanda bila kuyumba, na Mwalimu Wanza akaubandika ukutani.

Kisha akauliza nani alijaribu mguu. Alikuwa mmoja tu, Mwanaidi, msichana mkimya aliyekaa karibu na mlango. Alisimama na karatasi yake akionekana kama anaomba radhi. Alisema labda amekosea, kwa sababu nukta ya mkononi imekwenda milimita tatu na ya mguuni haikufika hata moja na nusu.

"Hujakosea," Mwalimu alisema, na akafurahi kweli. "Seli ni za mwili mmoja, maagizo ni yale yale, lakini kasi si moja. Za mguuni hugawanyika polepole. Ukucha wa mkono huisha wote kwa miezi sita hivi. Wa gumba la mguu, mwaka na zaidi."

Sikuwa mzito wa hesabu. Kabla hajamaliza nilishajua kwamba arubaini yangu ni themanini na kitu, na themanini na kitu ni Idi. Eda ilikuwa imebakiwa na wiki mbili na siku kadhaa. Kutoka darasani mpaka kwa Shangazi ni mwendo wa robo saa. Kutoka kwetu mpaka Waa ni kivuko na gari moja. Niliyaandika maneno ya Mwalimu kwenye daftari kwa mwandiko safi, nikayapigia mstari chini kwa rula ile ile. Nikaenda nyumbani nikala wali.

Nukta ilipofika juu niliikata kwa wembe.

Nilisoma, kama baba alivyosema. Sasa najua kwamba alisema, maana baadaye daktari aliyekuwa zamu siku ile alikutana nami kwa jambo jingine, na aliposikia jina la babangu akanirudishia maneno yale yale bila kuulizwa. Nikawa mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka nachemsha ncha za mizizi ya vitunguu, na kila mwaka nawaambia wanafunzi watie alama mkononi na mguuni, wote, si anayetaka. Wanadhani ni ukali wangu wa kawaida.

Shangazi alifariki nikiwa nimeshapita miaka thelathini. Hakujua mpaka mwisho. Wiki mbili baada ya kumzika nilivuka kwenda Waa, na nisidanganye, nilingoja afe kwanza.

Nilimkuta Mejumaa barazani na cherehani ile ile, amekonda, viganja vikiwa vile vile. Alinitambua kabla sijafika. Tukaamkiana kirefu, masalkheri na akheri, habari za watu wa Mvita, habari za afya, kama wanavyoamkiana watu wasiokuwa na neno. Kisha nikasema yote: nukta, ngumi, rula, Mwanaidi, daftari. Aliendelea kupinda mpaka akafika mwisho wa leso, akakata uzi kwa meno.

"Najua," akasema. "Nukta nalikutia mimi."

"Kwa nini hukuufungua mkono wangu? Ulikuwa umeushika."

"Nalitaka uufungue mwenyewe."

Akatunga uzi mpya, nikadhani ndiyo basi. Kisha akasema, akitazama miguu yake ambayo haikuwa na hina, "Nilipofika huku nalikuwa naziangalia hizi kucha. Nikasema, yule mtoto ameambiwa jambo nusu. Skuli itamwambia nusu iliyobaki, atakuja. Nikajiwekea kwamba hina hii haitaisha kabla hajaja. Sikuzikata ila zikinichoma. Gumba ndilo lililokawia. Lalikawia mpaka Maulidi ya mwaka wa pili. Kile kipande cha mwisho nalikitia ndani ya karatasi siku tatu. Kisha nikakitupa."

Nimefundisha mitosisi miaka mingi na sikuwa nimewahi kuliona hilo. Kila siku, mwanzoni mwa ukucha wa mwanamke yule, seli chache zilinakili nyuzi zao, zikazipanga, zikaachana, zikaisukuma hina mbele kiasi kisichoonekana kwa macho. Ule mwendo wa polepole wa seli za mguuni nilioufanya ushahidi wa kumtoa, ndio aliougeuza kuwa muda wangu. Kama angeuhesabu kwa kucha za mikono, ningekuwa na wiki chache tu za kurudi. Alinihesabia kwa zile zinazokwenda polepole kuliko zote mwilini. Nilipewa mwaka na nusu, na kivuko kilikuwa dakika kumi.

"Nimekuja, mama," nikasema. Sikuwa nimepata kumwita hivyo.

"Umekuja," akajibu. "Kaa basi, mgeni hanywi chai amesimama."

Aliingia ndani akatoka na kikombe chenye kisahani na maua ya dhahabu, kile kinachokaa kabatini kwa ajili ya watu wa kuja. Chai yake mwenyewe alijitilia kwenye kopo la bati, kama tulivyokuwa tukinywa sisi wawili Kuze kila asubuhi kabla sijaenda skuli. Nilikunywa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto niliuweka juu ya meza mbele yake, wazi, vidole vimenyooka, kucha zote zikionekana. Aliongea habari za mvua na bei ya uzi, na mpaka nilipoaga hakuutazama hata mara moja.